Nani Anapokea 112

Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa sababu kukupigia simu ni kujitafutia lawama. Mtu anayeshinda kazini akipokea simu za watu wenye shida, akifika kwake hataki kusikia hata kengele ya baiskeli. Hilo tumelizoea, basi salamu zangu zipokee kwa karatasi. Mimi naendelea, na mgongo wangu unaendelea kivyake. Wanangu wazima, yule mkubwa anasema anasoma, na mimi nasema nimemwamini. Mama mzima. Amekataa tena kuhama chumba 309. Nimemwambia ghorofa ya chini kuna chumba kizuri kisicho na ngazi hata moja, akanijibu kwamba kule chini hakuna cha kuangalia isipokuwa miguu ya wapita njia. Dirishani kwake anaona uwanja mzima wa shule, na kila asubuhi anakagua foleni ya watoto kana kwamba yeye ndiye mwalimu wa zamu. Tukaachana hapo.

Sasa sikia yaliyonikuta. Amekuja mkaguzi wa majengo, mwanamke mwenye viatu visivyotoa sauti. Akasifu mitungi ya kuzimia moto, akasifu taa za korido, nikaanza kujisikia mtu. Halafu akanyanyua simu kwenye chumba kitupu, akaitazama, akairudisha.

"Mpangaji akitaka kupiga nje anafanyaje?"

Nikamwambia anabonyeza tisa kwanza.

"Na akitaka dharura?"

Nikamwambia tisa, halafu 112. Akaniangalia kama nimemwambia nawalisha wapangaji sumu.

Ameniachia madai matatu. Mtu akiwa kwenye simu yoyote humu ndani abonyeze 112 tu, bila tisa wala nini, na simu itoke. Ikitoka, mapokezi wajue papo hapo kwamba imetoka, na imetoka chumba gani. Na huko inakopokelewa waione ghorofa na mlango, si jina la mtaa peke yake. Nisipotimiza mpaka mwisho wa Julai, kibali cha jengo hakitolewi tena.

Wewe unanijua. Jengo hili sikurithi. Nilianza kwa kupiga pasi nguo za watu chini ya ngazi za jengo la mtu mwingine, na yeye hata jina langu hakuwahi kuuliza. Namba za vyumba nilizipanga mwenyewe: tarakimu ya kwanza ni ghorofa, mbili zinazofuata ni chumba, na simu ya chumba ina namba ileile ya mlangoni, ili hata aliyehamia jana asipotee. Mtaa mzima huu hakuna jengo lenye mpango safi kama wangu. Leo naambiwa simu zangu hazifai, kisa kitufe kimoja.

Wewe ndiye unayekaa upande wa pili wa hizo simu. Niambie ukweli: hii ni haki au ni usumbufu?

Dada yako


Tarehe 27 Februari

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa, zamu zilinibana. Huku tuko salama. Wifi yako anakusalimu, anauliza zile mbegu za maua alizokutumia zimeota?

Umetaka ukweli. Ni haki. Mtu mwenye hofu hakumbuki tisa. Jiko likishika moto hakai kufikiri. Anabonyeza alichofundishwa tangu utotoni, na kama simu haitoki anabonyeza tena, kisha tena, mpaka moshi unamfikia. Sisi huku tunakuwa tumekaa na vikombe vyetu vya chai, hatuna habari.

Na hilo la chumba pia ni haki. Mwaka jana nilipokea simu kutoka jengo la ghorofa sita. Aliyepiga hakuweza kusema, alikuwa anapumua tu, kwa shida. Skrini yangu ilinionyesha mtaa, ikanionyesha na lango. Wenzangu wakaingia na kuanza kugonga mlango mmoja mmoja, kuanzia chini. Mimi nikabaki na ile pumzi sikioni.

Basi. Fanya anavyosema mkaguzi.

Ila kuna jambo limenikaa kichwani. Mtu akibonyeza 112 bila tisa kwenye simu zako, hasa hutokea nini? Kimya? Mlio wa kukataa? Mtambo wa simu hauwezi kubonyezwa ukakosa la kufanya. Nenda kwenye simu yoyote ujaribu, halafu uniandikie.

Na mguu wa Mama ukoje? Kwenye barua yako umeupita kama hukuuona.

Mdogo wako


Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Mwambie wifi mbegu ziliota, zikapendeza, zikaliwa na kuku wa jirani. Kuku wamenawiri. Huku wote tunapumua. Mama mzima, nimeshasema.

Nimejaribu. Nilikwenda chumba cha kufulia, ghorofa ya pili, nikanyanyua simu na kubonyeza 112. Nilitegemea kimya. Ikaita. Haikukawia, mwanamume akapokea, sauti ya taratibu kabisa, akasema: "Poleni. Mko chumba gani?"

Nikakata haraka kama mwizi.

Baadaye nikakaa nikacheka peke yangu. Kumbe inatoka bila tisa! Mkaguzi wa watu ananyanyua simu, anaitazama, hajaribu, halafu anaandika madai. Nimekwisha kumwandikia kwamba dai lake la kwanza limetimia kabla hajazaliwa. Hajanijibu.

Lakini kuna kitu sikielewi, na mimi kitu nisichokielewa kinaniwasha. Nyuma ya ile sauti nilisikia cherehani. Si kelele za ofisi, cherehani, tena ya kukanyaga, na redio iliyofifishwa. Huko kwenu mnashona mkisubiri simu? Na yule alijuaje kuuliza chumba kabla hajauliza jengo?

Jingine. Yule mtu wa pumzi, mlimkuta? Huwezi kunianzishia habari ukaiacha kwenye ngazi.

Dada yako


Tarehe 8 Aprili

Dada,

Wifi yako amecheka habari za kuku mpaka akakaa chini. Sisi wazima.

Yule uliyempigia si sisi. Maneno yetu ya kwanza yameandikwa ukutani, tunayasema vilevile sote: tunataja dharura, tunauliza msaada gani. Neno "poleni" halimo. Natamani lingekuwemo. Na cherehani hatuna.

Swali lako nimekaa nalo wiki nzima, hata mezani naulizwa natabasamu nini. Mtambo ule umepokea tarakimu tatu na umezipeleka mahali, na mahali hapo kuna mtu. Nikairudia barua yako ya kwanza, pale unapojisifia mpango wako. Simu ya chumba ina namba ya mlangoni. Tarakimu ya kwanza ni ghorofa.

Wewe ndiye mtu wa hesabu kwenye ukoo huu. Ghorofa ya kwanza, chumba cha kumi na mbili. Nani anakaa pale?

Usimfokee kabla hujamsikiliza. Kuhusu yule wa pumzi, tuliache.

Mdogo wako


Tarehe 11 Mei

Dada,

Kimya chako kinanisumbua kuliko barua zako. Mama hajambo?

Mdogo wako


Tarehe 30 Mei

Mdogo wangu,

Kimya changu usikihesabu. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa bado sijajua nimshushie nani. Watoto wazima. Kuku wazima.

Chumba 112 anakaa Fundi Mapazia, mpangaji wangu wa siku nyingi, aliyefiwa na mkewe. Anashona mapazia ya maofisi, na maneno yake ni ya kupima kama kitambaa cha mteja. Nilimkuta na tepu shingoni. Hata kukaa sikukaa.

"Fundi, simu yako hulia mara nyingi?"

"Inategemea jengo limeamkaje, mama mwenye nyumba."

"Wanaokupigia akina nani?"

"Wenye shida."

"Na wewe unafanya nini?"

"Nawauliza chumba. Kama ni moto, nachukua mtungi hapo koridoni napanda. Kama ni kuumwa, nabonyeza tisa, nawaita wenye gari lao, nawatajia ghorofa na mlango, halafu nashuka langoni kuwapokea wasipotee."

"Miaka yote hii?"

"Tangu nihamie."

"Mbona hukuniambia?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, si wa kuigiza. "Nikwambie nini? Aliyenitangulia, siku anafungasha, aliniambia chumba hiki kina jua la asubuhi na kina simu ya shida. Nikajua vyote viwili vinakuja na chumba. Nikasema huyu mama jengo lake kalipanga."

Niambie, mtu kama huyo unamfokea kwa lipi? Madai matatu ya mkaguzi yanatimizwa, yote, na mtu mmoja mwenye cherehani. Na usije ukaniandikia kuhusu namba zangu. Namba zangu hazina kosa. Waliochagua namba ya dharura hawakuja kuniuliza, na Waya, aliyenifungia mtambo, ndiye aliyepaswa kuliona hilo siku ya kwanza. Nimemwambia hivyo kwa sauti inayosikika hadi mtaa wa pili. Anasema mtambo ule ni wa kizamani, hauwezi hata kuhamisha simu ya chumba kimoja kwenda kingine, ni kuubadilisha wote. Mpya hawezi kuufunga kabla ya katikati ya Julai.

Na Fundi anaondoka mwisho wa Juni. Binti yake anatarajia mtoto na amemwomba akakae naye. Kwa hiyo zipo wiki ambazo mtu humu ndani akibonyeza 112, itaita kwenye chumba kitupu. Nimebandika matangazo kila ghorofa kwamba waanze na tisa. Umeniambia mwenyewe mtu mwenye hofu ana akili gani ya kusoma tangazo.

Sijamaliza. Nilimuuliza Fundi waliompigia mwaka huu. Akanitajia 204 na kikaango chake, akanitajia 407 uchungu ulipomshika. Halafu akainama akaanza kuokota pini ambayo haikuwepo.

"Na nani mwingine, Fundi?"

"Ameniomba nisiseme."

"Anakaa ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu."

Sikuuliza chumba.

Mimi nashinda mapokezi kutwa. Simu yangu ni 100. Nimeiandika kwa wino mwekundu juu ya kila simu ya jengo hili, na ile ya 309 niliiandika kwa herufi kubwa kuliko zote.

Dada yako


Tarehe 14 Juni

Dada,

Salamu za nyumbani wifi yako atakuandikia mwenyewe, ana habari ndefu za mbegu nyingine.

Kwanza la chumba. Fundi akiondoka, mtu akae mle mpaka mtambo mpya ufungwe. Awe yeyote, mradi ana masikio na anazijua ngazi zenu.

Pili la Mama. Nakujua. Ile tatu ya 309 utaigeuza sifuri ya ghorofa ya chini kabla hajamaliza chai yake. Usifanye hivyo. Na usimwendee na maswali, maana ukiuliza unauliza kama mkaguzi. Jaribu kusikiliza. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, nakuambia mimi niliyelipwa kuifanya.

Nimeandika "niliyelipwa". Tangu mwezi uliopita sipokei simu tena, nimeomba wanipeleke kufundisha wapya. Sababu unaweza kuijua bila mimi kuiandika.

Mdogo wako


Tarehe 21 Julai

Mdogo wangu,

Sababu nimeijua, na sitakuuliza tena. Kufundisha ni kazi nzuri. Waambie wapya waseme "poleni", hata kama ukuta haujaandikwa.

Huku tuko salama, na safari hii neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika.

Fundi aliondoka mapema kuliko tulivyopanga, mjukuu hakusubiri. Alinikabidhi ufunguo akaenda zake na cherehani juu ya mkokoteni, bila kumuaga mtu. Nikahamishia meza yangu 112, na mapokezi nikamwacha mwanangu mkubwa, yule anayesoma. Siku za mwanzo zilinipiga chenga. Mtu anapiga kuuliza kama pazia lake limekwisha kukunjwa pindo. Mwingine anapiga, anasikia sauti ya mwenye nyumba, anakata. 204 alipiga, kikaango tena. Nilipanda na mtungi mkononi, na mdomo wangu wenyewe ukasema poleni kabla sijapanga kuwagombeza. Kuwagombeza nikawagombeza baadaye.

Halafu asubuhi moja, watoto wa shule wako kwenye foleni wanaimba, simu ikalia.

"Fundi?"

Sauti ya Mama.

"Fundi, goti limekataa tena. Niko sakafuni hapa dirishani, sijaumia, simu nimeivuta kwa waya wake. Njoo uninyanyue, ila pita ngazi za nyuma kama siku zote. Binti yangu asikuone."

Kimya changu akakidhania ni kile cha Fundi cha kawaida. Akaendelea, kwa sauti ambayo mimi hajawahi kuniongelea nayo, sauti ya kupumzika.

"Si kwamba ana roho mbaya. Yule mtoto akikuonea huruma, anakuja na watu wa kubeba kitanda. Nikishushwa kule chini, Fundi, nitakuwa nimeshashuka. Haya, njoo."

Nikasema, "Naja." Neno moja. Mpaka leo sijui alinitambua au la.

Nilikuwa nimeshika njia ya kawaida, nikageuka. Nikapanda ngazi za nyuma, na mgongo wangu huu unaoujua. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Alikuwa ameegemea ukuta chini ya dirisha, miguu ameinyoosha, simu mapajani.

"Fundi yuko wapi?"

"Kaenda kwa binti yake. Mjukuu kazaliwa."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Umepita wapi?"

"Nyuma."

Nilimnyanyua, ni mwepesi siku hizi, sikulijua hilo. Nikamweka kwenye kiti. Kichwani zilikuwa zimeshapanda namba zote: ngazi ngapi, umri gani, chumba gani cha chini kina mlango mpana. Nilizisikia zikipanda, mdogo wangu, nikazimeza. Nikauliza kama ameangukia mkono. Akasema hapana. Nikauliza imetokea mara ngapi. Akasema, "Umeanza."

"Hujaita watu wa kitanda?"

"Sijaita."

"Basi kaa."

Nikakaa. Uwanja ulikuwa umebaki mtupu, watoto wameingia madarasani. Akanionyesha darasa ambalo mwalimu wake huchelewa, na mti ambao watoto huficha viatu. Vitu anavyoviona pale dirishani tangu ahamie, na mimi mwenye jengo nilikuwa sivijui hata kimoja.

Waya amefunga mtambo mpya. Mkaguzi akaja na viatu vyake, na safari hii akajaribu, simu moja baada ya nyingine, mpaka ya chumba cha kufulia. Ukibonyeza 112 inatoka moja kwa moja, kule inakofika wanaona ghorofa na mlango, na mapokezi kuna kidude kinalia na kuonyesha namba ya chumba. Kibali kimetolewa. Simu ya chumba 112 imebidi nibadilishe namba, sasa ni 150, mlango bado 112, ndicho chumba pekee ambacho mlango na simu havipatani. Nikipita pale naangalia upande mwingine. Kiko wazi, kama hiyo kazi ya kufundisha itakuchosha. Jua la asubuhi lipo.

Mama nilimweleza mtambo mpya mwenyewe, nikiwa nimekaa. Akasikiliza, akauliza swali ambalo mkaguzi hakuuliza: "Kwa hiyo nikibonyeza 112 linakuja gari lenye king'ora?" Nikasema ndiyo. "Na mimi nikiwa nataka mtu wa kuninyanyua tu?" Nilikuwa na jibu, liko pale juu ya simu yake kwa wino mwekundu. Sikulisema. Nikamwambia nitafikiria.

Jana mapokezi nilikuwa na watu watatu mbele yangu, mmoja ana ugomvi wa bomba, wawili wanataka vyumba. 100 ikalia. Hakujitambulisha, hakusema goti, hakusema ameanguka.

"Una kazi?" akauliza.

Nikawaangalia wale watatu.

"Sina," nikasema, nikaweka simu chini, nikawaacha wamesimama.

Dada yako